Katalogi na Kirungu cha Gia Tano

Baba Mdogo hajawahi kushika spana. Naanza na hilo kwa sababu mtaani kwetu ukitaja magari tu, vidole vyote vinamwelekea yeye, na mgeni anaweza kudhani alikulia uvunguni mwa lori. Chini ya gari hajawahi kulala hata dakika moja. Shati lake ndilo shahidi. Fundi gani anavaa shati jeupe siku saba za wiki, kola imenyooshwa pasi mpaka inataka kumkata shingo?

Ni mdogo wake marehemu baba. Watu wanamwita Katalogi, kwa ajili ya kile kitabu cha spea anachotembea nacho kwapani, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Alikipata kwenye duka la spea alikofanya kazi miaka mitatu, kaunta. Fundi anakuja na kidude kilichovunjika, mikono myeusi kwa oili. Baba Mdogo anafungua kitabu, anatafuta picha inayofanana na kile kidude, anasoma namba, anamtuma mtu wa stoo alete boksi. Basi. Elimu yake yote ya magari ndiyo hiyo, kufananisha picha na kitu kilichoshikwa na mtu mwingine. Duka lilipofungwa, wenzake waliondoka na rafu na viti. Yeye aliondoka na kitabu, na kurasa za mwisho hazimo.

Tangu hapo akawa hakimu wa orijino na feki. Si wa magari peke yake. Alikagua viatu, saa, betri, pasi, asali. Mtu akinunua kitu anampitishia kwanza Katalogi, naye anakitazama kwa mbali, mikono nyuma, anasonya kidogo, anasema, "Hii si orijino." Nimemwangalia miaka mingi, kwa sababu mimi si msemaji na asiyesema anapata nafasi ya kuangalia. Hajawahi kusema kitu ni orijino isipokuwa amekileta yeye. Nikaelewa ujanja wake. Ukisema kitu ni kizuri, kesho kinaharibika na wewe unaumbuka. Ukisema ni feki, kikiharibika umesema kweli, kisipoharibika watu wanasema bado siku yake. Kwa hiyo haanguki kamwe, kama mtu aliyelala sakafuni.

Na watu wenyewe! Fundi cherehani wa kona aliambiwa cherehani yake si orijino. Cherehani iliyoshona sare za shule nzima. Akaitoa karibu bure, akaleta mpya inayong'aa, na ile mpya inakata nyuzi mpaka leo. Unadhani alimchukia Katalogi? Wiki iliyofuata alimpelekea mkasi aukague.

Mama naye alipata yake. Baba alipofariki, watu bado wamekaa kwenye mikeka, Baba Mdogo aliinama kumpa mama mkono wa pole, akautazama mkono ule, akamnong'oneza, "Shemeji, hii pete imepakwa rangi tu. Kaka hakujua." Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mama alisema, "Asante, Shemeji." Mimi ningemmwagia uji.

Sasa kuhusu pikapu.

Mama anafyatua matofali. Uwanja wetu uko nyuma ya nyumba: lundo la mchanga, pipa la maji, kalibu mbili za chuma, na safu za matofali yanayokauka chini ya magunia. Pikapu ya baba ilikuwa imesimama mwisho wa uwanja mwaka wa nne. Ni ya zamani, ya zile zenye pua ndefu na taa za duara kama macho ya mtu aliyeshtuka. Magurudumu ya nyuma yalishatolewa, kwa hiyo mkia wake umekalia matofali ya mama mwenyewe. Injini haiwaki. Wateja wa mbali mama aliwapelekea matofali kwa mkokoteni wa kukodi, na njia yetu ina mashimo, kila safari matofali kumi na mbili, kumi na tano hivi, yanafika vipande. Wateja wawili walikuwa wamekwisha kumhama. Mmoja alimwambia wazi, "Mama, mimi najenga nyumba, sinunui kokoto."

Ndipo akaja tajiri wa mabasi. Mabasi yake yanapita barabara kuu, mtu mnene, mpole, anayejifuta shingo kwa leso kila baada ya maneno mawili. Alikuwa amesikia habari za pikapu. Akamwambia mama kwamba marehemu baba yake alikuwa na moja kama ile, na juu yake ndiko yeye alikojifunza kuendesha, akiwa hata pedali hazifikii vizuri.

"Rangi sijali," alisema. "Injini nitatengeneza. Lakini giaboksi nataka ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ile ya gia nne, ya kwanza nzito, ya mlima. Ilikuwa inalia, mama. Ukiingiza ya kwanza inalia mpaka majirani wanatoka. Nataka niusikie ule mlio kabla sijafa. Ikiwa imepachikwa giaboksi nyingine, kwangu ni chuma chakavu."

Na alichotaka kutoa kilimfanya mama akae chini, juu ya kalibu yenye udongo mbichi. Pikapu kwa pikapu. Tajiri alikuwa na ndogo, inayotembea, aliyokuwa akitumia kubebea matairi, na sasa haina kazi. Akichukua ya zamani, anaacha hiyo. Nilimwona mama akiyapakia matofali akilini mwake, safu kwa safu.

"Njoo na fundi wako uikague," mama akasema. "Na mimi nitamwita shemeji yangu. Ni gari la kaka yake, asije akasema tumemruka."

Kosa lilikuwa hapo. Mama na adabu zake.

Walikuja asubuhi ya siku ya pili. Tajiri na leso yake. Fundi wake, mwanamume mfupi wa makamo, goti moja bovu, ovaroli iliyosahau rangi yake ya kwanza, na kipande cha boksi la karatasi ngumu amekikunja chini ya mkono. Baba Mdogo alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama mbele ya pikapu na kitabu chake kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Karibuni," akasema, kana kwamba uwanja ni wake. "Nani mkaguzi wenu?"

"Huyu fundi wangu," tajiri akasema.

Baba Mdogo akamtazama fundi kuanzia goti mpaka kofia. "Atusaidie kubeba," akasema. "Ukaguzi ni kazi ya vitabu."

Fundi alikunjua boksi lake, akataka kuingia chini ya gari, lakini tajiri akamshika bega. "Subiri kidogo. Huyu bwana nimesikia sifa zake. Tumsikilize kwanza." Hata tajiri! Mtu mwenye mabasi tisa.

Baba Mdogo akafungua mlango wa dereva kwa vidole viwili. Hakuingia. Hakuinua mkeka wa sakafuni, hakushika klachi, hakuinama. Alichungulia ndani, akatazama juu ya mkono wa gia, kwenye kile kirungu cheusi cha kushikia kilichochorwa njia za gia kwa rangi nyeupe. Akafungua kitabu, akapekua, akarudi kuchungulia. Kisha akasonya.

Msonyo ule niliujua.

"Bwana Mkubwa," akamwambia tajiri, "katalogi, ukurasa wa kwanza, inasema pikapu hii ilitoka na gia nne. Tafadhali njoo usome mwenyewe hapa kwenye kirungu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na rivasi. Tano! Giaboksi hii imepachikwa. Si orijino."

Lazima niseme sasa kirungu kile kilitoka wapi, maana mimi na mama tulikuwa tunajua, na yeye ndiye aliyepaswa kujua kuliko sote. Kile cha kwanza kilipasuliwa na jua, zamani, baba akiwa mzima. Baba Mdogo, enzi zake za kaunta, akaja nacho kimefungwa kwenye gazeti. "Kaka, hiki ni orijino cha gari lako, nimekitoa kwenye boksi kwa mikono yangu." Kilikuwa kinacheza, tundu lake kubwa kuliko chuma. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungushia ndani mpaka kikabana. Baba alicheka akasema gia ya tano ataitafuta siku akipata nafasi. Mimi nilikuwa mdogo nimekaa kwenye kiti cha katikati, na nilicheka kwa sababu baba amecheka.

Sasa mtu huyohuyo alisimama kusoma zawadi yake mwenyewe kama ushahidi dhidi yetu. Wala hakuwa anadanganya, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa amesahau kabisa. Amewapa watu "orijino" nyingi mno, atakumbuka ipi?

Tajiri alijifuta shingo. "Basi, mama," akasema taratibu. "Pole sana. Nilikuwa na hamu nayo." Akageuka kuelekea gari lake.

Mama alinitazama. Nilijua neno liko kwenye ulimi wake, fupi tu, na tungemaliza. Lakini kumuumbua shemeji mbele ya wageni, mama hawezi. Akachagua njia ndefu. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akapita mbele ya Baba Mdogo, akapanda kwenye pikapu.

"Baba, ngoja," akamwita tajiri. "Njoo uhesabu na mimi."

Akakanyaga klachi kwa miguu yote miwili. Mkono wa gia ulikuwa umekaza kwa kulala muda mrefu, akausukuma kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka. Ukaingia kwa mgoto mzito. "Moja." Akavuta. "Mbili." Akapeleka upande wa pili. "Tatu. Nne." Kisha akausukuma pale ambapo mchoro ulionyesha ya tano. Hakuna kitu. Ni kama kusukuma ukuta. "Nilikuwa naendesha gari hili mume wangu alipougua," akasema, anahema. "Ya tano sijawahi kukutana nayo."

Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuhesabu mpaka nne naweza. Tajiri naye aliweza. Alirudi hatua tatu.

"Ya tano imeganda kwa kutu," akasema Baba Mdogo.

"Moja mpaka nne hazikuganda," fundi akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza asubuhi ile.

"Kutu huanzia gia ya juu."

Fundi akaelekeza kidole kwenye kitabu. "Hiyo iko ukurasa gani?"

Mimi nilikohoa kuficha kicheko. Baba Mdogo alikibana kitabu kwapani.

Fundi hakungoja ruhusa tena. Akatandaza boksi lake, akakunja goti lile bovu kwa mkono kama mtu anayekunja kiti, akaingia chini. Tulibaki tukiangalia viatu vyake. Sauti ikawa inatoka huko, pamoja na mkwaruzo wa brashi ya waya.

"Chuma kinachobeba giaboksi kina matundu manne, yote yana nati. Hakuna tundu jipya, hakuna palipochomelewa."

"Na maana yake?" tajiri akauliza.

"Ukipachika giaboksi ngeni haikai pale pa zamani. Lazima utoboe. Hapa hakujatobolewa." Brashi tena. "Namba hii hapa. Imetoka pamoja na chuma chenyewe, haikugongwa baadaye." Akaisoma moja moja. Tajiri akamgeukia Baba Mdogo, "Itazame kwenye katalogi."

Baba Mdogo akapekua, akapekua, akafika mwisho wa kitabu. "Kurasa za giaboksi," akasema, "zilikuwa huku nyuma."

Yaani mtu amehukumu giaboksi za watu miaka yote hiyo kwa kitabu kisicho na kurasa za giaboksi.

Fundi akatoka, uso umejaa vumbi, akasema bado kuna kipimo kimoja kisichohitaji kitabu. Akafungua boneti akatoa plagi zote, injini iwe nyepesi. Akachora mstari wa chaki kwenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Akamwambia mama aweke gia ya kwanza. Akachomeka hendeli kule mbele, ile ya kuzungushia injini kwa mkono. "Gia ya mlima ya gari hili ni nzito kuliko za magari mengine. Hendeli itazunguka zaidi ya mara sita ndipo propela izunguke mara moja. Ikiwa ni giaboksi ya kupachikwa, tatu au nne, mstari umerudi."

"Nipe mimi," tajiri akasema. Akavua koti, akamkabidhi Baba Mdogo bila hata kumtazama, kama anayetundika kwenye msumari. Akaishika hendeli. Fundi akarudi chini kuangalia chaki. Mama akahesabu kwa sauti kutoka kwenye usukani.

"Moja!" Injini ilikoroma kama mzee anayeamshwa. "Mbili!" Leso ilikuwa imeanguka, hakuiokota. "Tatu!" Nilimwona mama amefumba macho. Kama fundi angesema neno pale, matofali yetu yangerudi kwenye mkokoteni na wateja wangeendelea kutuhama. "Nne!" Kimya chini. "Tano!" Kimya. "Sita!" Tajiri alikuwa analowa. Nusu nyingine ya mzunguko.

"Hapo," fundi akasema. "Mstari umerudi. Sita na nusu. Ni yenyewe, Bosi. Haijawahi kushuka chini tangu ipandishwe."

Tajiri akaegemea boneti, anacheka na kuhema kwa pamoja. Tungeweza kuishia hapo, na adabu ya mama ingebaki salama. Lakini Baba Mdogo hajui kunyamaza. Alikuwa na koti la mtu mkononi na watu wawili wa jirani walikuwa wameshasimama kwenye uzio.

"Mimi sipingani na hendeli," akasema. "Lakini kirungu hakisemi uongo. Marehemu kaka yangu alikuwa na siri zake. Inawezekana alitoa ya kwanza akauza, kisha akatafuta inayofanana. Kaka alipenda njia za mkato, mimi namjua."

Mama akafungua mlango. Alishuka polepole sana. Akausogelea mkono wa gia kutoka nje, akakizungusha kile kirungu mara tatu, kikatoka, na kipande cha mpira mweusi, kimekauka, kikaanguka juu ya mkeka. Akavichukua vyote viwili, akaviweka juu ya katalogi, pale pale kwapani karibu na kifua cha shati jeupe, ikabidi Baba Mdogo avidake.

"Kirungu hiki ulikileta wewe, Shemeji. Kwenye gazeti. Ukaapa ni orijino cha gari hili. Na mpira huu uliukata wewe, kwa kisu changu cha jikoni, hujakirudisha mpaka leo. Mume wangu alikivumilia miaka tisa asikuaibishe. Mimi nimevumilia asubuhi moja, nimechoka."

Hakupandisha sauti. Mmoja wa majirani kule kwenye uzio akatoa "Aaah!" ndefu. Fundi akajishughulisha na kukunja boksi lake.

Baba Mdogo akakigeuza kirungu. Kwa muda mfupi, labda kama wa kumeza mate, nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa na sura ya baba akiwa amechoka. Kisha akasonya.

"Kopi," akasema. "Nilijua tu. Nilikuwa nawapima."

Huruma yangu ikaishia hapo.

Wiki hiyohiyo pikapu ya zamani iliburutwa kwenda gereji ya mabasi, na ile ndogo ikaletwa uwanjani kwetu na fundi mwenyewe. Inatembea vizuri, breki inashika, ubavu mmoja umebonyea. Ilikuwa na kasoro moja tu, mkono wa gia ulikuwa kipara, chuma kitupu kinachochoma kiganja. Gia zake ni tano. Mama akaenda chumbani akarudi na kirungu, maana Baba Mdogo alikuwa amekiacha juu ya matofali siku ile, akakizungusha. Kikaingia mpaka mwisho. Bila mpira.

Miezi miwili baadaye tajiri alipita na ile ya zamani, imepakwa rangi, akapanda mlima wa kwetu kwa gia ya kwanza. Ililia kweli, mlio mwembamba wa kuudhi, na yeye ndani amekenua kama amepewa peremende. Majirani walitoka.

Na Katalogi? Bado yupo kwenye kibaraza cha duka la kona, na fundi cherehani pembeni yake, na watu wanampelekea vitu. Hadithi ameigeuza. Sasa anasema yeye aliona mbali: alimnunulia shemeji yake kirungu cha gia tano miaka mingi kabla ya gari lenyewe kupatikana. "Kipimwe," anawaambia. "Kimeingia bila mpira." Nao wanatikisa vichwa kukubali.

Juzi tulikuwa tunapeleka matofali kwa yule mteja wa kokoto, aliyerudi mwenyewe bila kuitwa. Baba Mdogo akatusimamisha njiani kwa kitabu, anakwenda upande huohuo. Akafungua mlango wa mbele, akakuta nimekaa.

"Mpishe baba yako," akaniambia.

Sikusogea. Mama naye hakugeuza shingo. Aliweka mkono juu ya kirungu.

"Nyuma kuna nafasi, Shemeji," akasema. "Ukalie yale ya juu, yamekauka."

Akapanda. Nilimtazama kwenye kioo safari nzima, amekaa juu ya matofali na katalogi yake kwapani, na vumbi jekundu likilipanda shati polepole, kuanzia pindoni kwenda kwenye kola. Kwenye shimo la tatu mama akaingiza gia ya pili, kisha, sijui kwa nini, akaongeza mwendo.